Maganda ya Mpunga na Maji ya Ihelele

Kahama inasifika kwa dhahabu, lakini ukipita nyuma ya mashine za kukoboa mpunga utakuta mali nyingine imetupwa: marundo ya maganda yanayongoja kiberiti. Kwa mkazi wa Nyasubi mwenye kiwanja cha kubanana, bustani isiyo na udongo ingeweza kuanzia hapo. Maganda yakichomwa nusunusu, yakawa meusi bila kufikia majivu, hushika mizizi, hupitisha hewa na kutunza maji kiasi. Maji nayo yapo: tangu 2009 bomba la mamlaka ya maji ya KASHWASA huyaleta ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele, Misungwi. Kinachobaki ni chakula cha mmea, na hicho kiliwasumbua wataalamu kwa zaidi ya miaka 200.

Jan Baptist van Helmont, tabibu wa Brussels, alipanda mche wa mwerebi wenye uzito wa ratili 5 katika ratili 200 za udongo mkavu, akawa anaumwagilia maji tu. Baada ya miaka 5 mti ulikuwa na ratili 169, na udongo ulikuwa umepungua kama wakia 2 tu. Maandiko yake yalipochapishwa 1648, baada ya kifo chake, yalidai kwamba mti umetokana na maji. Alikosea, ila angalau alikosea akiwa na mizani mkononi. Mwaka 1699 Mwingereza John Woodward alikuza mnanaa katika maji ya mvua, ya mto Thames na maji machafu yaliyokorogwa na udongo wa bustani. Ule wa kwenye maji machafu ulinawiri kuliko wenzake. Basi kumbe ndani ya uchafu kulikuwa na kitu.

Kitu chenyewe kilipata majina miaka ya 1860, Wajerumani Julius von Sachs na Wilhelm Knop walipokuza mimea ndani ya maji yaliyotiwa chumvi chache tu zenye naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalsiamu, magnesiamu, salfa, na chuma kidogo. Ikabainika kwamba udongo ni mpishi, si chakula.

Mwaka 1929 William Gericke wa Chuo Kikuu cha California aliitoa kazi hiyo maabarani. Nyanya zake zilirefuka hadi zikahitaji ngazi, na magazeti yakashangilia. Wenzake wa chuo hichohicho, Dennis Hoagland na Daniel Arnon, walipima wakaandika 1938 kwamba mavuno hayo hayazidi ya udongo mzuri uliotunzwa vizuri. Waraka wao, nionavyo, ungepaswa kusomwa kwanza na kila anayeuziwa leo mitambo ya haidroponiki, yaani kilimo kisicho na udongo.

Afrika Mashariki njia hii ilistawi kwa ajili ya maua. Wakulima wa waridi walikuwa wakiua minyoo na kuvu vya udongoni kwa gesi ya methili bromidi, hadi Mkataba wa Montreal ulipoibana kwa kuharibu tabaka la ozoni. Nchi zinazoendelea zilipewa hadi 2015 kuiacha. Mashamba ya waridi ya Naivasha, Kenya, yakahamia kwenye mawe mepesi ya volkano ya Bonde la Ufa na vumbi la makumbi ya nazi. Vumbi hilo wanawake wa pwani walikuwa wakilikung'uta na kulitupa walipotwanga makumbi kupata usumba wa kusokotea kamba. Makumbi yaliyofukiwa ufukweni hubeba chumvi ya bahari, kwa hiyo vumbi lake lazima lioshwe kabla ya kupandiwa.

Maganda ya Kahama hayana bahari, ila yakichomwa huelekea kuwa na ualikali, nayo yanataka kusuuzwa. Kazi kubwa ni kumwagilia. Nyanya ya ardhini hustahimili kusahaulika kwa siku moja. Ya kwenye ndoo ya maganda hunyauka mchana huohuo. Hutaka matone kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, na sehemu ya maji itoke chini ili mbolea isigeuke chumvi ya kuunguza mizizi. Mchanga wa marudio wa wachimbaji wadogo wa dhahabu usichanganywe humo hata kama ni wa bure, maana huwa na zebaki.

Mbolea nayo ina mtego wake. Urea, rafiki wa kila mkulima wa mpunga, hutegemea bakteria wa udongoni kuigeuza kuwa naitreti, na ndani ya maganda yaliyotoka motoni bakteria hao ni wachache. Mkulima atahitaji naitreti ya kalsiamu, na aiyeyushe katika pipa lake peke yake. Ikikutana na salfeti ya magnesiamu zote zikiwa nzito, huganda ikawa jasi nyeupe chini ya pipa, na matundu ya mipira ya matone huziba.