KIM-1 na ndugu zake: Kwa nini kompyuta za vitufe 23 bado zinafufuliwa?

Tano jumlisha nane ni kumi na tatu. Lakini ukiipa hesabu hiyo KIM-1, kompyuta iliyotoka Marekani mwaka 1976, taa zake nyekundu zitakuandikia 0D. Anayeishika kwa mara ya kwanza hudhani mashine imeharibika. Haijaharibika, na jibu ni sahihi. Tutafika huko.

KIM-1 ni mojawapo ya kompyuta zilizojulikana kama bodi za mafunzo. Usiifikirie kompyuta ya ofisini. Ni bodi moja ya saketi, chipu zote ziko nje bila kasha, na upande mmoja kuna vitufe 23 kama vya kikokotoo, na juu yake taa zinazoonyesha tarakimu sita. Haina skrini, haina kipanya, haina hata swichi ya kuwashia. Kumbukumbu yake ni baiti 1,024, ukiacha baiti 128 zilizo ndani ya chipu nyingine mbili. Simu yenye kumbukumbu ya GB 4 inaizidi zaidi ya mara milioni nne.

Hata hivyo wapo watu Ulaya, Marekani na Asia ambao jioni zao zinaishia kwenye bodi hizi. Wanazitafuta kwenye minada na kwenye maghala ya vyuo, wanazisafisha, wanazilehemu upya, na zikikosekana wanatengeneza nakala. Kompyuta ya leo hakuna mtu mmoja anayeijua yote, hata miongoni mwa walioitengeneza. KIM-1 mtu anaweza kuijua yote, kuanzia waya wa umeme hadi baiti ya mwisho. Ila chipu zake mbili muhimu hazitengenezwi tena popote, na zikiungua bodi inanyamaza.

Biti nane ni nini?

Ndani ya kompyuta kuna hali mbili tu: umeme upo au haupo. Tunaziandika 1 na 0, na kila moja inaitwa biti. Prosesa, yaani chipu inayofanya hesabu na kutoa amri, ikiwa ya biti nane inashika alama nane za namna hiyo kwa mkupuo. Fungu hilo la biti nane ndilo baiti, na linaweza kubeba namba kuanzia 0 hadi 255.

Kuandika 00001101 kila mara kunachosha na kunaleta makosa. Kwa hiyo mafundi walichagua kuhesabu kwa kumi na sita badala ya kumi. Baada ya 9 haiji 10, inakuja A, kisha B, C, D, E na F, ambayo ni kumi na tano. Kwa njia hiyo baiti yoyote inaandikwa kwa alama mbili tu, kuanzia 00 hadi FF. Na kumi na tatu inakuwa 0D.

Chipu ya dola 25

Katikati ya miaka ya 1970 prosesa moja iliuzwa kwa mamia ya dola. Chuck Peddle, mhandisi wa Motorola, alitaka itengenezwe ya bei ndogo, lakini mwajiri wake hakuvutiwa na wazo hilo. Yeye na wenzake kadhaa wakahamia kampuni ndogo ya MOS Technology huko Pennsylvania. Septemba 1975 walifika kwenye maonyesho ya Wescon mjini San Francisco na prosesa waliyoiita 6502, yenye tranzista zipatazo 3,500, wakaiuza dola 25. Washindani wakalazimika kushusha bei. Miongoni mwa walionunua alikuwamo kijana Steve Wozniak, ambaye aliitumia kuunda kompyuta ya kwanza ya Apple.

KIM-1 yenyewe haikukusudiwa watu wa kawaida. Ilitengenezwa ili wahandisi waijaribu 6502 kabla kampuni zao hazijaagiza kwa wingi. Bei yake ilikuwa dola 245, ikiwa imeshaunganishwa tayari, tena pamoja na vitabu vilivyoonyesha mchoro wa saketi nzima na programu yote iliyomo ndani, mstari kwa mstari. Ni nani leo anauziwa simu akapewa vitu hivyo? Walimu, wanafunzi na watu waliopenda tu wakaikimbilia.

Ndugu zake walikuwa wengi. Intel ilikuwa na SDK-85 yenye prosesa ya 8085. Heathkit iliuza ET-3400 yenye 6800 ya Motorola. Mwaka 1981 kampuni ya Multitech ya Taiwan ilitoa Micro-Professor MPF-1, yenye prosesa ya Z80, ndani ya kasha la plastiki linalofunguka kama kitabu. Multitech ndiyo baadaye ikabadili jina na kuwa Acer, jina ambalo huenda umeliona kwenye kompyuta mpakato. Na India, vyuo vingi vya uhandisi viliendelea kufundishia bodi za 8085 miaka mingi baada ya chipu hiyo kupitwa na wakati.

Kuandika programu kwa kidole

KIM-1 haijui neno lolote. Kila amri ni namba, na kila namba inawekwa mahali pake kwenye kumbukumbu. Kila mahali pana anwani, kama masanduku ya posta: sanduku lina namba yake nje na barua yake ndani. Taa nne za kushoto zinaonyesha anwani, mbili za kulia zinaonyesha kilichomo.

Hesabu yetu ya tano na nane inakwenda hivi. Bonyeza RS ili mashine iamke. Bonyeza AD, kisha 0000, na sasa umesimama kwenye sanduku la kwanza. Bonyeza DA, andika 05. Bonyeza alama ya kujumlisha ili kusogea sanduku la pili, andika 08. Namba zako zimekaa.

Sasa programu. Bonyeza AD, 0200, kisha DA, na uingize namba hizi moja moja, ukisogea kwa alama ya kujumlisha kila baada ya namba moja: D8, 18, A5, 00, 65, 01, 85, 02, 4C, 4F, 1C. Ukimaliza, rudi AD, 0200, na ubonyeze GO. Huoni chochote cha maana, kwa sababu kazi imekwisha kabla kidole hakijainuka. Bonyeza AD, 0002. Upande wa kulia taa zinasema 0D.

Namba hizo kumi na moja si za ajabu. D8 inaiambia prosesa isihesabu kwa mfumo wa kumi. 18 inafuta kile kilichobaki kutoka hesabu iliyopita, kama mtoto anayesahau "moja mkononi". A5 na 00 maana yake chukua kilichomo sanduku la 00. 65 na 01: jumlisha na kilichomo sanduku la 01. 85 na 02: weka jibu sanduku la 02. Tatu za mwisho zinairudisha mashine kwenye programu yake ya kusimamia vitufe na taa. Basi. Hiyo ndiyo kazi ya prosesa, na ile iliyo kwenye simu inafanya mambo ya aina hiyohiyo, ila kwa kasi kubwa mno na bila kukuonyesha.

Watu hawakuishia kwenye kujumlisha. Mwaka 1976 Peter Jennings, aliyekuwa Toronto, Kanada, aliandika Microchess, programu ya kucheza sataranji iliyoingia yote kwenye kumbukumbu hiyo ndogo ya KIM-1. Taa zilionyesha kete gani itoke wapi iende wapi, na mchezaji aliweka ubao halisi wa sataranji pembeni ili afuate mchezo.

Programu iliyolia kama redio

Ukikata umeme, kila ulichoandika kinapotea. Dawa ilikuwa rekoda ya kaseti, ileile ya kurekodia muziki. KIM-1 iligeuza baiti kuwa sauti, mlio mwembamba wa kukwaruza, na ukiupiga mkanda tena ilisikiliza na kurudisha programu mahali pake. Kujaza kumbukumbu yote kulichukua kama dakika mbili, hadi Jim Butterfield wa Toronto alipoandika programu ya Hypertape iliyofanya kazi hiyo mara sita haraka zaidi.

Kwa kuwa programu ni sauti, redio nayo inaweza kuibeba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 shirika la utangazaji la Uholanzi, NOS, katika kipindi chake cha Hobbyscoop, lilirusha programu za kompyuta za nyumbani hewani. Msikilizaji alirekodi ule mlio kwenye kaseti, kisha akaulisha kompyuta yake. Leo kaseti zimekuwa adimu, na wenye KIM-1 wengi huhifadhi mlio huo kama faili la sauti kwenye simu, wakachomeka waya wa spika, wakabonyeza cheza.

Ng'ombe, Cambridge na simu yako

Mwishoni mwa miaka ya 1970, mjini Cambridge, Uingereza, iliuzwa bodi ya mafunzo iliyoitwa MK14, kwa pauni 39.95. Ilikuwa rahisi kwa bei, na vitufe vyake vilijulikana kwa ubovu. Sophie Wilson, mwanafunzi wa chuo kikuu mjini humo, aliiona akaamini anaweza kutengeneza bora zaidi. Wakati wa likizo alibuni kompyuta yake mwenyewe kwa kutumia 6502. Kazi yake? Kudhibiti kiasi cha chakula wanachopewa ng'ombe.

Kutokana na ubunifu huo ilitoka bidhaa ya kwanza ya kampuni changa ya Acorn, Acorn System 1, mwaka 1979: nayo ilikuwa bodi wazi yenye vitufe na taa za tarakimu. Mwaka 1981 Acorn ilitoa BBC Micro, iliyoingia katika shule nyingi za Uingereza. Walipohitaji prosesa yenye nguvu zaidi, Wilson na mwenzake Steve Furber walikwenda Arizona kuitembelea kampuni iliyokuwa ikiiendeleza 6502. Walitarajia kiwanda kikubwa. Walikuta kikundi kidogo cha watu katika jengo la kawaida. Wakarudi nyumbani wakijiambia kwamba kumbe hata wao wanaweza.

Prosesa yao iliwaka mara ya kwanza tarehe 26 Aprili 1985. Waliiita ARM. Furber amesimulia kwamba alipopima umeme inaoutumia, kipimo kilionyesha sifuri: waya wa umeme ulikuwa haujaunganishwa, na chipu ilikuwa ikijiendesha kwa umeme mdogo uliopenya kupitia waya nyingine. Ubahili huo wa umeme ndio uliofanya simu ziipende. Karibu kila simu janja duniani leo ina prosesa ya ukoo wa ARM.

Zinavyokufa, zinavyofufuliwa

KIM-1 ina uzuri mmoja ambao fundi redio yeyote ataupenda. Kumbukumbu yake imegawanywa kwenye chipu nane, na kila chipu inashika biti moja ya kila baiti. Ukiandika FF mahali fulani, yaani biti zote nane zikiwa 1, na bodi ikakurudishia FB, biti moja tu ndiyo imeanguka, na mchoro unakuambia ni chipu ipi. Unaing'oa hiyo moja, unaweka nyingine. Njia hii inafaa ikiwa sehemu tu ya chipu imechoka. Ikifa nzima, hata programu ya kusimamia taa haiendi, kwa sababu nayo inahitaji kumbukumbu.

Mara nyingi kosa ni jepesi kuliko hilo: kutu kwenye miguu ya chipu, lehemu iliyopasuka, au kitufe kisichogusa. Mabalaa makubwa huletwa na mwenye bodi mwenyewe. KIM-1 inataka volti 5, na volti 12 kwa ajili ya kaseti tu. Ukigeuza waya au ukapeleka 12 mahali pa 5, umemaliza mashine iliyodumu karibu miaka hamsini. Pima chanzo cha umeme kabla hujaunganisha, si baada.

Ugumu wa kweli uko kwenye zile chipu mbili, zinazoitwa 6530. Ndani yake kuna ile baiti 128 ya ziada, milango ya vitufe na taa, na programu ya mashine iliyochomwa kiwandani wakati wa kutengeneza. Huwezi kununua 6530 ya bodi nyingine ukaipachika, maana haina programu ya KIM. Wapenzi wa bodi hizi walitafuta njia: wanachukua chipu ya jamaa yake, 6532, wanaiweka kwenye kibodi kidogo pamoja na chipu nyingine yenye nakala ya ile programu, na kibodi hicho kinaingia kwenye soketi ya 6530. Waliweza kwa sababu MOS ilichapisha programu yote kitabuni mwaka 1976. Kwa njia hiyohiyo zimetengenezwa nakala mpya kama PAL-1, inayotumia 6502 halisi, na KIM Uno, ambayo ni ndogo kama kikokotoo na inaiga tu tabia za 6502 kwa chipu ya kisasa.

Asiye na bodi wala fedha ya kuagiza anaweza kuanza kwa simu. Zipo kurasa za intaneti zinazoiga KIM-1, na zile namba kumi na moja za hapo juu utaziingiza kwa vitufe vilevile. Mradi wa Visual6502 nao ulipiga picha ndani ya chipu yenyewe na kuonyesha tranzista zake zikiwaka na kuzimika hatua kwa hatua, ingawa ukurasa huo ni mzito na utakula bando.

Prosesa za 6502 mpya bado zinatengenezwa, na kampuni ya Western Design Center ya Arizona, ileile waliyoitembelea Wilson na Furber. Z80 haikubahatika hivyo: mwaka 2024 Zilog ilitangaza kuacha kuitengeneza ile ya kujitegemea, ikawapa wateja hadi Juni kuweka oda za mwisho.