Santuri za Siti binti Saad
Kabla redio haijaenea Uswahilini, ni santuri iliyoiingiza sauti ya mwanamke katika nyumba za watu wasiomjua. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyewahi kutembeza vyungu mitaani, alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo za taarabu kwa Kiswahili, ilhali taarabu ya kasri la sultani ilikuwa imezoea Kiarabu. Mwanamke wa heshima alitarajiwa asisikike nje ya ua wake. Sasa sauti ya kike ikatamalaki barazani, mbele ya wanaume.

Mtu anaweza kupinga kwamba huyo alikuwa mmoja tu, tena wapigaji ala wenzake walikuwa wanaume, na wake wengi waliendelea na kazi zilezile za jikoni. Ni kweli, santuri haikumpunguzia yeyote mzigo wa kuni wala maji. Lakini tazama alichokiimba: wimbo wa “Kijiti” unasimulia mauaji ya mwanamke, na muuaji aliyekimbilia bara. Madhila ambayo zamani yangenong’onwa uani yakawa mazungumzo ya mji mzima, na aliyeyatamka alikuwa binti wa familia fukara, asiye na ukoo mkubwa wa kumkinga.