Duma: watu wawili, kompyuta moja, na haki ya kuimba giza



Kwa Kiswahili, duma ni yule mnyama wa madoa anayeshinda wote mbio. Kwa Kikuyu, duma ni giza. Bendi tunayotaka kuwaelezea leo ilichukua jina lake kwenye Kikuyu. Ni bendi ya hevi metali iliyozaliwa Nairobi mwaka 2019, na ilikuwa na watu wawili tu.

Wengi wetu gitaa tumelijua kanisani, kwenye kwaya, au kwenye rumba ya wazee wetu wa Kongo. Metali ni kitu kingine. Gitaa linanguruma, ngoma zinakimbia, mwimbaji anapaza sauti mpaka unadhani ameungua. Mzazi akisikia anasema hiyo ni ya shetani. Kijana mwenzako anasema hiyo ni ya wazungu wenye pesa. Basi tuangalie historia yake kwanza.

Metali ilianzia Birmingham, mji wa viwanda huko Uingereza, na waliyoianzisha hawakuwa watoto wa matajiri. Kundi la Black Sabbath liliundwa mwaka 1968. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa na miaka 17 alipokatwa na mashine kiwandani, siku yake ya mwisho ya kazi. Ncha za vidole viwili zikaenda, tena vidole vya mkono anaobania nyuzi. Angeacha gitaa nani angemlaumu? Lakini aliyeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavifunika kwa ngozi. Baadaye akalegeza nyuzi zisimuumize, na sauti ya gitaa ikashuka, ikawa nzito. Uzito ule ndio dunia nzima ikauita hevi metali. Kwa hiyo ufundi mkubwa wa muziki huu ulitoka kwenye kidonda cha mfanyakazi.

Halafu kuna jambo la hapa hapa Burundi. Mwaka 1967 Wafaransa walikuja kurekodi ngoma za kifalme, ingoma. Mwaka 1971 Mfaransa mmoja, Michel Bernholc, akachukua sauti ya ngoma zile, akaongeza piano na gitaa, akatoa sahani yenye jina Burundi Black. Ikauzwa vizuri Uingereza. Jina la mwanamuziki lililoandikwa pale lilikuwa jina la kubuni la huyo Bernholc. Karibu miaka kumi baadaye bendi za vijana wa London, kama Adam and the Ants na Bow Wow Wow, zikajenga nyimbo zao juu ya mpigo ule. Mwaka 1982 wapiga ngoma wa Burundi wenyewe wakapanda jukwaani Uingereza kwenye tamasha la kwanza la WOMAD. Kwa hiyo mtu akisema ngoma nzito na gitaa kali havituhusu, mwambieni mpigo wa nchi hii ulishafika kwenye roki kabla sisi hatujazaliwa. Ila ulifika bila majina ya waliopiga.

Sasa turudi Nairobi. Miaka ya 2000 na 2010 kulikuwa na vijana wengi pale wanaopiga roki na metali: Last Year's Tragedy, Parking Lot Grass, Seeds of Datura, Lust of a Dying Breed. Redio nyingi zilikuwa zinapiga vitu vingine. Wao wakakodi kumbi ndogo, wakaazimana vyombo, wakasikilizana wenyewe kwa wenyewe. Humo ndimo walimotoka Martin Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, na Sam Karugu. Sam alikuwa mpiga besi. Akaiweka besi pembeni, akashika gitaa na kompyuta. Martin akabaki na sauti yake. Mpiga ngoma hawakuwa naye, basi ngoma zote zikatengenezwa na mashine.

Studio waliipata Kampala, kwa watu wa Nyege Nyege, wale wanaofanya tamasha kubwa kule Jinja tangu 2015. Walikaa miezi mitatu katikati ya mwaka 2019, wakarekodi. Angalieni hapo: tangu 2014 Mkenya anaingia Uganda na kitambulisho chake cha taifa. Anapanda basi, anafika. Sisi wenye karatasi ya mkimbizi tunajua kuvuka mpaka kunadai nini. Hatusemi hivyo kwa wivu. Tunasema ili ieleweke kwamba nyuma ya albamu ile kulikuwa na mlango uliofunguka.

Albamu inaitwa Duma, ilitoka Agosti 2020, nyimbo tisa. Moja inaitwa Pembe 666, nyingine Uganda with Sam. Ilitoka wakati wa korona, kumbi zimefungwa, na bado ikasikilizwa Ulaya na Marekani. Mwaka 2022 lebo ya Sub Pop ya Seattle, ile iliyotoa albamu ya kwanza ya Nirvana, ikawatolea wimbo. Baadaye hao wawili wakaachana, kila mmoja na njia yake. Mwaka 2024 Lord Spikeheart akatoa albamu yake, The Adept, kwenye lebo aliyoianzisha mwenyewe, Haekalu. Safari hii jina na kazi vyote viko mikononi mwake.

Ukimsikiliza Martin mara ya kwanza utasema huyu anapiga kelele tu. Jaribu wewe dakika tano, sauti itakauka. Kuunguruma namna ile ni ufundi: pumzi inatoka tumboni, koo halikazwi, na mtu anajifunza kwa miaka. Ni hasira iliyofundishwa adabu. Usiku anarudi nyumbani na sauti yake nzima.

Hapo ndipo historia hii inapotugusa. Sisi vijana wakimbizi tunaimba sana. Kila Juni 20, Siku ya Wakimbizi Duniani, tunaitwa. Tunaombwa wimbo wa amani, wimbo wa kunawa mikono, wimbo wa shukrani. Tunaimba kwa moyo, kwa sababu amani tunaitaka kweli. Lakini kati yetu kuna mtu aliyevuka Ruzizi usiku akiwa mtoto. Kuna anayesubiri jibu la faili lake mwaka wa saba. Hicho nacho ni kitu cha kuimba, na wimbo wa amani hauwezi kukibeba chote. Kijana asipopata mahali pa kukiweka, anakiweka kwenye chupa au kwenye ngumi.

Ndugu zetu wa mashirika, hatuombi jukwaa kubwa. Duma walikuwa na kompyuta moja, gitaa moja, maiki moja, na chumba ambacho hakuna aliyewaambia wapunguze sauti. Tunaomba chumba kama hicho, hata Jumamosi moja kwa mwezi. Mada tuachieni. Na kitakachorekodiwa, kiandikwe majina ya waliokiimba.

Na wewe kijana mwenzetu unayesema huna vyombo: kumbuka yule wa Birmingham alianza na chupa ya plastiki.