Hema Si Nyumba: Funzo la Kilosa

Mtu asiye na makazi husemwa kuwa mzembe au mwenye bahati mbaya. Fikra hii ni ya kibepari. Mara nyingi yeye ni mtu aliyewekwa na historia mahali pasipofaa kuishi. Kilosa inathibitisha jambo hilo.

Wakoloni walipojenga Reli ya Kati na kugawa ardhi ya Kilosa na Kimamba kwa mashamba ya mkonge, walihitaji nguvu-kazi, hawakuhitaji raia. Manamba waliletwa kutoka mikoa ya mbali, wakapewa kambi. Kambi ilikuwa mali ya tajiri: mkataba ukiisha, paa nalo limekwisha. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa. Lakini bei yake katika soko la dunia ilikuwa imekwisha kuporomoka kwa ushindani wa nyuzi za viwandani. Kazi zilipopungua, wengi walibaki bila ardhi. Walijenga palipopatikana, hata bondeni.

Mwishoni mwa Desemba 2009 Mto Mkondoa ulifurika, ukavunja tuta na kuingia mjini. Maelfu ya watu walipoteza nyumba, na reli ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe. Umma ulifanya wajibu wake wa kwanza: mahema, chakula, dawa. Hatimaye reli ilitengenezwa, treni zikapita tena. Lakini kaya nyingi zilibaki kambini kwa miaka. Hapa ndipo penye swali la kisiasa. Hema huzuia mvua, halimpi mtu shamba.

Funzo hili si geni. Baada ya mafuriko ya Rufiji ya 1968, Serikali iliwahamisha wakulima kutoka bondeni kwenda sehemu za juu. Nia ilikuwa njema, lakini mashamba ya mpunga yalibaki bondeni, na msimu ukifika wakulima walirudi kukaa katika madungu. Nyumba iliyotenganishwa na jembe haikai mtu.

Wala ardhi haiongezeki. Mikumi, katika wilaya hiyohiyo, mji umekua kwenye njia panda ya Iringa na Kidatu, ukipakana na hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964. Mahali kama hapo, asiyepangiwa makazi mapema atajipangia mwenyewe kwenye hatari.

Kwa hiyo wajibu wa jamii una sehemu tatu: kuokoa maisha, kutoa viwanja mahali pa juu pamoja na mashamba, yakiwemo yale yaliyotelekezwa na wenye hati, na kuwashirikisha waathirika wenyewe katika kuamua. Kazi ya kada ni kuuliza katika kila kikao cha tawi: nani bado yuko kwenye hema, na ardhi yake iko wapi?

Taifa lililotoboa milima ya Kilosa ili kupitisha reli ya kisasa haliwezi kusema limeshindwa kuwapatia wananchi wake mahali pa kujenga.