Idi Amin kwa Skrini: Vile Kamera na Sauti Zimeonyesha (na Kuficha) Mauaji ya Uganda

Ukisimama Malaba upande wa Kenya siku haina ukungu, unaona mwamba wa Tororo umekaa hapo ng'ambo kama jirani. Tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin alikuwa kwa kambi ya jeshi ya Tororo wakati alitangaza kwamba Waasia wafunge virago watoke Uganda. Walipewa siku 90. Yaani mojawapo ya matangazo mazito zaidi Afrika Mashariki ilitokea mahali msee wa Malaba anafika na boda kabla chai ipoe.

Lakini uliza kijana wa Busia leo Amin ni nani, wengi watakuchekesha. Watakuigia ile sauti, watakwambia za medali na za kucheza kodiani. Wanamjua kwa klipu za simu, na nyingi ya hizo klipu zimetoka kwa filamu moja ya 1974. Shida ni vile zimekatwa. Tutafika hapo, lakini kwanza facti kidogo ndio twende pamoja.

Amin alichukua serikali tarehe 25 Januari 1971, Milton Obote akiwa Singapore kwa mkutano wa Jumuiya ya Madola. Wananchi hawakuona kitu. Walisikia: askari mmoja, Wilfred Aswa, alisoma sababu 18 za mapinduzi kwa Radio Uganda. Redio haiulizwi pasipoti pale mpakani, kwa hivyo huku kwetu pia watu walianza kumjua Amin kwa masikio.

Kwa miezi iliyofuata, wanajeshi Waacholi na Walangi walichinjwa ndani ya kambi zao wenyewe, zikiwemo za Mbarara na Jinja, ju Obote alikuwa Mlangi na Amin hakuwaamini. Halafu kukaja ile idara ya ujasusi ya State Research Bureau, ofisi zake Nakasero, Kampala. Ukiingizwa kwa buti ya gari yao, familia ilikuwa inaanza kupanga matanga hata bila mwili. Idadi ya waliouawa haijawahi kukubaliwa na wote. Makadirio yanaanzia 80,000 na kupanda hadi 300,000, na wengine wanataja 500,000.

Ilikuwa mauaji ya kimbari? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1948 unasema lazima kuwe na nia ya kumaliza kundi la watu kwa sababu ya taifa, kabila, rangi au dini yao. Ukiangalia zile kambi za 1971, ni ngumu kutumia neno lingine. Lakini hakuna korti iliwahi kuamua, maana Amin hakuwahi kushtakiwa. Alikufa kwa kitanda cha hospitali Jeddah, Saudi Arabia, tarehe 16 Agosti 2003.

Kwa mpaka, noma ilikuwa ya kawaida. Waganda walivuka Busia na Malaba kwa njia za panya, na kwa Wateso na Wasamia hiyo haikuwa hata kuenda ugenini, ju ndugu wako pande zote mbili. Februari 1976 Amin akasema sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda, na wasee wakaingia barabarani kuandamana. Julai mwaka huohuo, baada ya makomando wa Israeli kuvamia uwanja wa Entebbe na ndege zao kupitia Nairobi, Wakenya waliokuwa wanaishi Uganda waliuawa kwa kulipiza kisasi. Hao Wakenya sijawahi kuona filamu yao.

Sasa twende kwa skrini.

Ya kwanza na kali zaidi ni *General Idi Amin Dada* ya Barbet Schroeder, Mswisi aliyekuwa anafanya kazi Ufaransa. Mpiga kamera alikuwa Néstor Almendros, mmoja wa mabingwa wa dunia kwa hiyo kazi. Schroeder aliita filamu "picha aliyojichora mwenyewe", na hakuwa anatania. Kuna mahali unasikia Amin akielekeza mpiga kamera achukue helikopta. Muziki wa kodiani ni wake. Kamera inamwacha ajiachilie: anaita wanyama akiwa kwa boti, anashinda mashindano ya kuogelea kwa kusukumana, anapanga vita vya kuteka milima ya Golan na askari wachache kwa kilima cha Uganda.

Hapo kamera haibishani na yeye. Kazi ya kubishana imepewa sauti. Msimulizi anaongea polepole, bila hasira, kama mtu anasoma utabiri wa hewa. Cheki sini ya baraza la mawaziri. Amin anachapa mawaziri mdomo, akifika kwa waziri wa mambo ya nje, Michael Ondoga, kamera inatulia kwa uso wa huyo jamaa. Kwa picha ni mkutano tu, mkubwa anagombana. Halafu msimulizi anakwambia mwili wa huyo waziri ulipatikana baadaye ndani ya Mto Nile. Hakuna damu hata tone, na bado unaskia baridi. Ukitoa ile sauti, inabaki komedi ya ofisi.

Amin mwenyewe alijua hiyo hesabu. Filamu ilipotoka alituma watu waitazame London na kumwandikia kila kitu. Akadai vipande vikatwe. Schroeder alipokataa, Amin alikusanya Wafaransa waliokuwa Uganda, zaidi ya 100, akawafungia kwa hoteli Kampala, jeshi likazunguka, na akawapa namba ya simu ya Schroeder wampigie wenyewe. Dakika mbili na nusu zikatolewa. Mahali palipokatwa Schroeder aliweka maandishi ya kusema ni Amin ameamuru, na utawala ulipoanguka Aprili 1979 akavirudisha. Angalia sehemu Amin aliacha zipite: kodiani, mbio za kuogelea, vichekesho vyote. Hizo hazikumsumbua.

Ya pili ni ya kwetu kabisa. *Rise and Fall of Idi Amin* ya 1981 iliongozwa na Sharad Patel na kupigwa hapa Kenya, Joseph Olita, jamaa wa Siaya, akicheza Amin. Alifanana naye hadi akamcheza tena kwa *Mississippi Masala* ya Mira Nair mwaka 1991. Olita aliiweza. Filamu yenyewe, aah. Kamera inakimbilia kila maiti, inaingia hadi kwa friji, inachukua zile hadithi za kula watu ambazo hazijawahi kuthibitishwa na kuzionyesha kama ukweli. Ukimaliza umeshtuka, lakini hujui jina hata la mtu mmoja aliyekufa.

*The Last King of Scotland* ya 2006 ndio wengi wanajua, ju Forest Whitaker alichukua Oscar nayo. Mwongozaji Kevin Macdonald alitoka kwa filamu za kweli, na inaonekana. Yeye na mpiga kamera Anthony Dod Mantle walipiga Uganda kwenyewe, kamera mkononi, picha yenye chengachenga kama ya habari za zamani. Mwanzoni kamera inacheza na umati, ngoma ziko juu, hata wewe unampenda huyu jenerali. Baadaye iko karibu sana na uso wake hadi unataka kurudi nyuma. Hiyo ni akili. Lakini macho tunayoazimwa ni ya daktari Mskoti ambaye hakuwahi kuwepo, na Waganda wengi wanakufa ili yeye ajue amekosea. Mwishoni kuna picha halisi za Amin na maandishi ya waliouawa, na mimi hiyo dakika ilinigusa kuliko masaa mawili yaliyotangulia.

Sasa zile klipu. Msee anatoa sini kwa filamu ya 1974, anaondoa msimulizi, anaweka biti ya kuchekesha chini yake, anatupa kwa grupu. Amin alihitaji mateka zaidi ya 100 ndio filamu ikatwe. Siku hizi anakatiwa bure. Kama una bando, tafuta ile nzima, na ukifika kwa baraza la mawaziri usiguse voliumu.