Somo la Historia: Binti wa Saba

Leo tunakwenda Korea, nchi ya mashariki ya Asia, iliyo kati ya Uchina na Japani. Sikilizeni kwanza hadithi yao moja, kama inavyosimuliwa huko Seoul.

Hapo kale mfalme alitaka mtoto wa kiume. Mkewe akazaa mabinti sita. Alipozaliwa wa saba, mfalme alikasirika, akaamuru atupwe. Wazee maskini wakamwokota, wakamlea. Jina lake Bari.

Miaka ikapita, mfalme na mkewe wakaugua. Dawa ilikuwa moja tu: maji ya uzima, ng'ambo ya nchi ya wafu. Wale mabinti sita walikataa kwenda. Bari alikwenda. Alimtumikia mlinzi wa maji miaka tisa, akamzalia wana saba. Aliporudi, wazazi wamekwisha kufa. Akawafufua. Mfalme akampa nusu ya ufalme, lakini Bari akakataa. Alichagua kuziongoza roho za wafu.

Hadithi hii iliimbwa na waganga wanawake, waitwao mudang, katika ibada za kuwaaga wafu. Wakubwa waliwadharau tangu zamani. Katika miaka ya 1970, serikali ya Korea Kusini ilipigana na mambo iliyoyaita ushirikina, na vibanda vingi vya mizimu vijijini vikabomolewa. Lakini hadithi yenyewe haikufa. Wataalamu walikuwa wameandika nyimbo hizo kutoka vinywani mwa waimbaji.

Tena palikuwa na wachoraji. Wakorea huziita hadithi za picha manhwa. Tarehe 2 Juni 1909 gazeti moja la Seoul lilitoa mchoro unaohesabiwa kuwa mwanzo wa kazi hiyo. Baadaye, kwa miaka mingi, katuni zilikaguliwa na wakubwa kabla ya kupigwa chapa. Siku hizi mizimu ile ile imejaa katika vitabu, na hata katika simu.

Mwaka 2006 Yun Mi-kyung alianza kuchora hadithi ya msichana Soah. Mvua haikunyesha, basi wanakijiji wakamtoa awe bibi arusi wa Habaek, mungu wa maji. Mchana Habaek ni mtoto mdogo, usiku ni mtu mzima. Jina la Habaek ni la kale: katika masimulizi ya Korea, yeye ni babu yake mfalme Jumong, upande wa mama.

Sasa fikirini. Bari alitupwa na baba yake. Soah alitolewa na kijiji chake. Wote wawili walitolewa na watu wao, wakafika mahali ambapo hao waliowatoa hawakuthubutu kwenda. Ndiyo nguvu yao.

Maneno ya kuandika: ufalme, mizimu, ushirikina, mchoraji.

Maswali:
1. Kwa nini Bari alitupwa?
2. Hadithi yake iliokoka kwa njia gani?
3. Mwulizeni mzee mmoja hadithi ambayo haijaandikwa. Iandikeni kwa sentensi tano.

Kwaherini mpaka somo lijalo.