Sauti Ndogo ya Koleji: Redio ya Kwanza ya Kikatoliki Nchini Kwetu



Twazoea leo kufungua redio na kusikia Misa, rozari, habari na muziki, kana kwamba sauti hizo zilikuwapo tangu zamani. Lakini kila sauti ina mwanzo wake. Tunapenda kutafakari pamoja nanyi mwanzo mmoja uliotokea katika shule ya mapadri.

Tarehe 12 Februari 1931, Baba Mtakatifu Pio XI alizindua Redio Vatikano, iliyojengwa na Guglielmo Marconi. Uendeshaji wake ulikabidhiwa kwa mapadri Wajesuiti. Haikupita miaka mingi, Wajesuiti wenzao wa Léopoldville, mji tunaouita leo Kinshasa, wakaanza kazi ya namna hiyo. Mwaka wa 1937, katika Koleji Albert wa Kwanza, wakaanzisha redio ndogo iliyojulikana kwa jina la Radio Léo. Ilikuwa miongoni mwa redio za kwanza kabisa katika nchi yetu, hata kabla ya Serikali ya kikoloni kuwa na redio yake.

Tuwashukuru mapadri hao kwa ujasiri wao. Hawakungoja mpaka wapate mitambo mikubwa. Walianza na kidogo walichokuwa nacho.

Hata hivyo, historia ya kweli haifichi jambo. Koleji ile iliwekwa kwa ajili ya watoto wa Wazungu, na redio yake ilisema Kifaransa. Mkongomani aliyepita kando ya ukuta wa shule hakuwa na nafasi darasani, wala hakuwa na chombo cha kupokelea matangazo, wala lugha yake haikusikika humo. Sauti ilivuka anga, lakini haikuvuka ukuta.

Ni mtu binafsi, Jean Hourdebise, aliyejaribu njia nyingine. Redio yake, Congolia, iliyoanza mwaka wa 1939, ilitayarisha pia vipindi kwa ajili ya Wakongomani, katika lugha zao wenyewe. Na kwa kuwa wengi hawakuweza kununua redio, vipaza sauti viliwekwa mahali pa wazi, watu wakakusanyika kusikiliza.

Ikaja vita. Mwezi wa Mei 1940 Ubelgiji ulitekwa na Wajerumani. Mwezi wa Oktoba mwaka uleule Serikali ikafungua Radio Congo Belge, na mwaka wa 1943 mtambo wenye nguvu za kilowati 50 ukaanza kupeleka kutoka Léopoldville sauti ya Ubelgiji huru hadi nchi za mbali. Hivyo, sauti ya Kongo ilisikika Ulaya kabla ya redio ya Serikali kuwa na idhaa maalumu kwa ajili ya Wakongomani. Hiyo ilianza mwaka wa 1949 tu.

Ukuta wa koleji nao ulianza kufunguka. Katika miaka ya 1950 wanafunzi Wakongomani waliingia katika shule za namna ile. Baadaye koleji ikabadilishwa jina, ikaitwa Boboto, neno la Kilingala lenye maana ya amani. Tarehe 4 Desemba 1963, kwa hati iitwayo Inter Mirifica, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukawakumbusha waamini wote, walei pamoja na mapadri, wajibu wao katika vyombo vya upashanaji habari.

Kwetu sisi, wakati wa Mobutu redio ilikuwa mali ya Serikali, na sauti yake ilikuwa moja. Mlango ulifunguliwa baada ya tarehe 24 Aprili 1990, vyama vingi viliporuhusiwa. Mwaka wa 1993 mashirika ya raia yalianzisha Redio Maendeleo huko Bukavu, na mwaka wa 1995 Jimbo Kuu la Kinshasa likaanzisha Redio Elikya, yaani Matumaini.

Vijana wapendwa, tunajifunza nini? Kwanza, udogo si kizuizi: shule moja iliweza kuitangulia Serikali. Pili, kutangaza hakutoshi. Yafaa kujiuliza ni nani asiyesikia, na kwa nini hasikii. Bwana wetu aliwaambia wanafunzi wake kwamba yaliyosemwa kwa siri yatatangazwa hadharani. Hakusema yatangazwe kwa wenye vyombo tu.

Leo wengi wenu mna simu mkononi, ambayo hufikisha sauti mbali kuliko mitambo ya mwaka wa 1937. Basi katika mkutano wenu ujao jiulizeni: katika kikundi chetu, katika kwaya yetu, katika ujumbe tunaotumiana, ni nani tumemwacha nje ya ukuta? Ni mzee asiyejua kusoma? Ni mkimbizi asiyesema lugha yetu? Mtajeni kwa jina, kisha mwendeeni.